Kigoma au Tabora: wikiendi moja ya muziki, sanaa na kucheka

Mtu akisema anatafuta wikiendi ya muziki wa laivu, maonyesho na vichekesho, anaelekezwa Dar, Zanzibar au Bagamoyo, na mazungumzo yanaishia hapo. Haya ni ya yule ambaye kazi, harusi ya ukoo au ukaidi wake mwenyewe umemfikisha magharibi mwa nchi, ana Ijumaa jioni mpaka Jumapili mikononi, na anajiuliza ashuke Tabora au aendelee mpaka mwisho wa reli.

Hukumu naitoa mapema ili wenye haraka waondoke nayo. Usiku wa kucheza mpaka viatu vivuliwe: Kigoma. Muziki wa kukaa na kusikiliza, na watu wa kubishana nao kuhusu muziki huo: Tabora. Sanaa ya kutazama: Kigoma, kwa pointi chache. Kucheka: Tabora, na sababu yake haihusiani na ukumbi wowote. Ila yote hayo yanapinduka ukikosea tarehe, na wageni wengi hukosea hapo hapo. Wanachagua mji kwanza, tarehe wanamwachia bosi wao.

Tarehe kabla ya mji

Katika miji hii miwili usitarajie kumbi zenye ratiba ya miezi sita mbele. Shoo huja pesa inapokuwa mitaani, na pesa ya Kigoma haitembei kwa kalenda moja na ya Tabora. Kigoma inafuata mwezi wa angani. Tabora inafuata tumbaku.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga, wavu unawangoja chini yake. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa na taa ya mvuvi haifui dafu. Ndiyo maana siku za mbalamwezi wavuvi wengi huwa nchi kavu: wanashona nyavu, wanavutana na tajiri wa boti juu ya hesabu, na jioni wana nafasi ya kukaa na wenzao. Siku za giza, vijana hao hao wako majini tangu magharibi, na ukisimama ufukweni utaona taa zao zimejipanga kule mbali kama mtaa mzima uliohamia ziwani. Mandhari nzuri, lakini ujue unaowatazama kule ndio wateja wa muziki uliokuja kuutafuta. Kwa hiyo anayetaka mialo ya wavuvi ya Kibirizi na Katonga iliyochangamka aangalie mwezi kabla ya kukata tiketi.

Kuna na jambo jipya. Tangu 2024 nchi zinazopakana na ziwa zilianza kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mji haufungwi, ofisi na maduka yanaendelea, ila mialoni mifuko inakuwa myepesi, na mfuko mwepesi hauiti bendi.

Tabora ni mambo ya ardhi. Mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge akishauza tumbaku yake, katikati ya mwaka, ndipo harusi zinapopangwa, spika zinapokodishwa na vikundi vya ngoma vinapoitwa. Juni mpaka Septemba, kiangazi, mavuno yako ndani: huo ndio msimu. Ukija Januari utakuta watu wako shambani na pesa imezikwa kwenye mbolea, na muziki utausikia kwenye bajaji. Nikilazimishwa kutaja wikiendi moja tu ya Tabora, nitataja ile inayoangukia karibu na Nane Nane, kwa sababu maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Magharibi hufanyika pale Ipuli. Wengine waende kutazama madume ya ng'ombe na matrekta. Wewe kaa karibu na jukwaa la burudani. Kanda hiyo ina Kigoma ndani yake, na ukibahatika utaona ngoma za mikoa yote miwili bila kupanda basi la pili.

Ramadhani, iache. Ujiji na Tabora zina Uislamu wa tangu enzi za misafara, na mwezi huo muziki wa kumbini hunyamaza au hupungua sana. Idi ikifika, hapana pa kukanyaga.

Muziki

Hapa Tabora inastahili heshima ambayo haipewi. Ni mji wa bara usio na bahari wala ziwa, lakini enzi za dansi ulikuwa na Kiko Kids ya Salim Zahoro, ukawa na Nyanyembe Jazz, ukawa na Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata. Bendi tatu zenye jina nchi nzima, kutoka mji ambao leo ukimtajia kijana wa Sinza anauliza kama ni karibu na Singida. Mimi naamini siri ni reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na 1928 tawi la Mwanza likakamilika, Tabora ikawa njia panda. Njia panda ina wafanyakazi wenye mshahara wa mwisho wa mwezi, ina abiria wanaosubiri treni ya pili, ina shule zilizokusanya vijana wa kila kabila. Hao ndio walipaji wa kiingilio. Bandari ilifanya kazi hiyo kwa Tanga, stesheni ikaifanya kwa Tabora.

Na ubishi wa Kigoma na Tabora una mtu wa kusimama katikati: Shem Karenga. Mtoto wa Kigoma, akaanzia huko huko na Lake Tanganyika Jazz, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamia Tabora Jazz na jina lake likaenea. Alifariki mwaka 2014. Mtu wa Kigoma atakwambia kipaji ni chetu. Wa Tabora atakwambia jukwaa lilikuwa letu. Chokoza mjadala huo kwenye kijiwe cha kahawa cha Isevya au Ng'ambo, baada ya shikamoo na kikombe cha kwanza, kisha nyamaza. Utahesabiwa nani alishika solo, nani rithimu, nani alitoroka na bendi ya mji mwingine, na mzee atakayekosea mwaka atasahihishwa na wenzake watatu kwa mpigo. Kwangu mimi saa mbili za kijiwe hicho zinatosha kulipa nauli ya Tabora.

Usiku wenyewe wa leo ni mdogo kuliko historia yake. Ijumaa na Jumamosi huwa kuna bendi za hotelini na za baa kubwa zinazopiga kopi, zilipendwa na rumba kwa zamu. Pa kuanzia kuuliza ni Orion Tabora Hotel, jengo la enzi za Wajerumani. Hata kama hapo hakuna kitu, wahudumu wa hoteli yoyote kubwa hujua wapi pana watu. Uliza swali moja tu: drams zipo? Bango likisema laivu bendi, mara nyingi maana yake ni kijana mmoja, kinanda kimoja na flashi iliyojaa midundo. Wapo wanaoimba vizuri sana kwa mtindo huo. Lakini kama umesafiri kwa ajili ya magitaa yanayosukana, ni heri ujue kabla ya kuagiza soda.

Kigoma haina hazina hiyo ya bendi. Ina ng'ambo. Kongo iko upande wa pili wa maji, boti zinakwenda na kurudi, na sebene, ile sehemu ya rumba ya Kongo ya magitaa na kucheza, Kigoma si muziki wa kigeni. DJ wa Mwanga, mtaa wa Kigoma mjini, asiyejua kuipanga sebene, ikapanda taratibu mpaka watu wasimame wenyewe bila kuitwa, hadumu. Narudia: DJ. Usiku wa Kigoma unabebwa zaidi na DJ kuliko na bendi, na mwenye masikio ya dansi la laivu anaweza kurudi kulala saa nne akinung'unika. Mwenye miguu hatarudi.

Kuna na suala la mastaa. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, wakiwamo Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex, walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars, na tangu hapo kila mgeni anashuka stesheni akidhani atakutana na mmoja wao sokoni. Hawapo. Kigoma hulea, Dar hula. Wakija, huja kwa tamasha kubwa au kwa kampeni, na siku hiyo utaambiwa na gari la matangazo linalozunguka mitaani na spika juu ya paa, ambalo bado ni chombo cha habari cha kuaminika kuliko ukurasa wowote wa mtandaoni. Jumamosi asubuhi likipita, acha chai, sikiliza.

Ngoma za asili: Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na ukiisikia ngoma ya Waha, wenyeji wa Kigoma, utahisi undugu huo pia kwenye ngozi iliyowambwa. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, na wapigaji wazuri wamo miongoni mwa wakimbizi waliohifadhiwa mkoani Kigoma. Kambi si kivutio cha utalii na huingii bila kibali, basi usimsumbue dereva wa bodaboda akupeleke Nyarugusu. Ukiwakuta kwenye sherehe ya mji, tulia uwatazame mpaka mwisho.

Halafu Jumapili. Wapenda bendi hulala wakati huo, na ndipo wanapokosa muziki wa laivu wa uhakika kuliko wote, usio na kiingilio. Kanisani drams zipo, besi ipo, na sauti nne zimefanyiwa mazoezi wiki nzima. Hapa Tabora inashinda waziwazi. Mkoa huu ndio wenye Ulyankulu, makazi ya Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972, na kutoka huko ikatoka kwaya ya Barabara ya 13, iliyopigwa redioni na kwenye mabasi hadi watu wasio Wakristo wakaijua kwa moyo. Ulyankulu ni mbali na mji, usijaribu kuibana kwenye wikiendi. Ila masikio ya Tabora yamelelewa na kiwango hicho, na mjini utakuta kwaya za Moravian, za Kikatoliki na za Kipentekoste zinazojua zinashindana na nani. Vaa kiheshima, kaa nyuma, usirekodi na simu ukiwa umesimama mbele ya akina mama.

Sanaa ya kutazama

Miji yote miwili itakuuzia Livingstone. Ujiji, mwendo mfupi wa daladala kutoka Kigoma mjini, kuna makumbusho mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, na humo sanamu mbili za ukubwa wa mtu zinaamkiana kwa kuinua kofia. Kama sanaa sina la kuzisifia. Kama vichekesho visivyokusudiwa, zinashinda shoo nyingi nilizolipia: Waafrika waliobeba mizigo ya watu hao wawili kwa miezi kadhaa wanasubiri, huku mabwana wenyewe wanaulizana majina. Tabora ina tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, alikokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi wapya baada ya Stanley kuondoka. Ukitaka moja tu, nenda Kwihara. Nyumba yenyewe ndiyo sanaa: kuta nene za udongo, baraza, na mlango wa kuchongwa ambao ungekaa Unguja usishtukiwe. Hapo unaelewa mji huu ulikuwa nini kabla ya reli, enzi za watemi Mirambo na Isike, bila kusoma kibao hata kimoja.

Basi kwa nini pointi nawapa Kigoma? Kwa sababu huko sanaa bado ina mafundi kazini. Nenda Kibirizi asubuhi. Utaona boti za mbao zikiundwa na kuzibwa, nyingine zikipakwa rangi upya, jina na maneno yakiandikwa ubavuni kwa mkono usiotetemeka. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ununue kitu, hata kama ni dagaa wa elfu mbili. Ukiwa bandarini, uliza kama Liemba iko gatini. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa reli na kuungwa tena Kigoma. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakairudisha kazini 1927. Stesheni ya Kigoma nayo itazame kwa nje kutokea chini barabarani, ndiyo sura yake nzuri.

Halafu vitenge. Vinavyopita Kigoma kutoka ng'ambo vina michoro ambayo Kariakoo utaisubiri. Jumamosi asubuhi nunua kipande soko la Mwanga, mpe fundi cherehani wa pembeni, elewana naye bei na saa, na ukimbembeleza vizuri usiku unakivaa. Mke wangu angesema hiyo ndiyo sababu pekee ya kwenda. Tabora kwa upande huo ni kimya, ila barabara zake zenye miembe mikubwa ni tembezi zuri la jioni kwa asiyehitaji kununua kitu.

Kucheka

Tuseme ukweli: vichekesho vya jukwaani, mtu mmoja na kipaza sauti kama zile shoo za Cheka Tu za Dar, si jambo la kila wikiendi Kigoma wala Tabora. Wachekeshaji wa Dar wakizunguka mikoani wanaweza kupita, na ukiwakuta ni bahati. Ukipanga safari kwa ajili hiyo utarudi umenuna. Anayechekesha mjini kila Jumamosi ni MC wa harusi, na ukialikwa harusini usikatae, hata kama bwana harusi humjui.

Lakini magharibi ina vichekesho vya kale kuliko kipaza sauti, navyo ni utani. Wanyamwezi ndio walikuwa wapagazi wa njia ya misafara mpaka pwani, na njiani wakajenga utani na makabila waliyopita kwao, Wazaramo wakiwa watani wao mashuhuri. Mpaka leo Mzaramo akifika Tabora na kujitambulisha ameshafungua shoo. Ataitwa mtumwa, ataambiwa nauli ya babu yake haijalipwa, atanyang'anywa kiti, naye anatakiwa ajibu kwa kali kuliko hizo. Kununa ni kushindwa. Msibani ndiko utani unakomaa: mtani anakuja kulia kwa vituko mpaka wafiwa wenyewe wanageuka ukutani kuficha meno. Siwezi kukushauri uende msibani kwa ajili ya kucheka, ila ukiwa mtani na msiba ukakukuta huko, una kazi ya kufanya.

Kama wewe si Mzaramo wala mtani wa aina yoyote, kaa kijiweni Tabora usikilize. Wanaanza polepole, kwa heshima nyingi, mwangaluka na habari za nyumbani, halafu anatupwa mtu mmoja katikati na dakika kumi zijazo ni zake. Uzuri wa Wanyamwezi ni kwamba wanachekesha huku uso umetulia. Mgeni hucheka sekunde tatu baada ya wenzake, na hilo nalo linakuwa kichekesho.

Kigoma wanacheka kwa sauti kubwa zaidi na kwa ubishi. Mpira, siasa, nani alikuwa wa kwanza kumiliki pikipiki mtaani: kila kitu ni kesi, na anayeshindwa hoja hupigiwa makofi kama aliyeshinda. Mwamkie mtu mwakeye asubuhi, hata kama Kiha chako kinaishia hapo, utakuwa umepewa kiti. Tahadhari moja. Utani wa uchawi wa Kigoma ni mali ya wenyeji. Watakutisha wenyewe, watakusimulia ungo na radi, watakuuliza umelala vipi wakitazamana. Cheka. Usiuanzishe wewe.

Kufika, kula, kurudi

Kutoka Dar kwa wikiendi ni ndege, vinginevyo Jumamosi yako inaishia njiani. Miji yote miwili ina uwanja. Treni ya Reli ya Kati naipenda, lakini ratiba yake haijali kwamba Jumatatu unaripoti kazini. Anayetoka Mwanza, Shinyanga au Kahama asijisumbue kufikiri: Tabora, lami tupu kupitia Nzega. Anayetoka Kagera ana njia ya Kibondo na Kasulu, basi Kigoma ni yake. Mbeya kuna barabara ya Chunya kupitia Sikonge, nayo inakushusha Tabora.

Chakula, Kigoma haina mpinzani: mgebuka wa kuchoma, au dagaa waliopikwa kwa mawese na ugali wa muhogo. Tabora itakupa asali, na kama mvua zimeanza, uyoga wa porini. Kiangazi utaridhika na kuku wa kienyeji.

Mwenye siku ya nne asiigawe. Alale Tabora Ijumaa mpaka Jumapili, kwaya Jumapili asubuhi, kisha Jumatatu apande basi la alfajiri kwenda Kigoma kupitia Kaliua na Uvinza, afike jioni kula samaki na kulala. Kinyume chake sikushauri, kwa sababu Kigoma ya Jumatatu bado ina ziwa, na Tabora ya Jumatatu ina ofisi tu. Chumba Kigoma kishike mapema kama kuna mkutano wa serikali au wa mashirika ya wakimbizi mjini, maana hapo hoteli zenye kutazama maji hujaa watu wenye vitambulisho shingoni. Na bodaboda ya usiku elewana naye bei kabla hujapanda, hasa ukitoka Mwanga saa nane.